Rubani wa Zuhura: Shujaa wa Anga katika Hadithi za Picha na Msamiati wa Pwani

Miongoni mwa mashujaa wa hadithi za picha za karne ya 20 yumo mmoja ambaye Kiswahili hakijampa makao ya kutosha, naye ni msafiri wa anga wa zama zijazo. Buck Rogers alianza kuchorwa katika magazeti ya Marekani tarehe 7 Januari 1929. Flash Gordon wa Alex Raymond alimfuata tarehe 7 Januari 1934, na Uingereza ikapata wake, Dan Dare, aliyechorwa na Frank Hampson katika toleo la kwanza la gazeti la watoto liitwalo Eagle, tarehe 14 Aprili 1950. Waswahili nao walikuwa na hadithi zao za picha. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi, na jarida la Sani la Tanzania likawaletea Madenge na wenzake. Lakini hao ni watu wa mtaani na wa siku hizi. Kijana aliyetaka kusoma habari za kuruka kwenda nyota alilazimika kuzisoma kwa Kiingereza.

Husemwa mara kwa mara kwamba sababu yake ni upungufu wa maneno: lugha ya majahazi, eti, haiwezi kuchukua mambo ya roketi. Dai hilo yafaa lipimwe mahali ambapo majahazi yenyewe yalikuwa yakitia nanga, kwa mfano Bondeni, mtaa wa Kisiwa cha Mombasa ulio jirani na Mji wa Kale na bandari yake ya zamani. Msomaji wa mtaa huo hahitaji kufundishwa hata kisa chenyewe. Buck Rogers anavuta hewa ya sumu mgodini, analala karne 5 hivi, kisha anaamka na kuikuta dunia nyingine. Mtoto aliyepita chuoni ameshawasikia Watu wa Pangoni, waliolala miaka 300 na ziada ya 9, wakaamka na fedha ambazo hazikuwa tena za zama zile. Tofauti ni kwamba wale walilala tena, ilhali Mmarekani huyu alishika silaha.

Basi na tuje kwenye maneno. Jina la hadithi ya Dan Dare, likifasiriwa, ni Rubani wa Zama Zijazo. Neno rubani lilitoka katika Kiarabu likiwa ni la baharini: ndiye ajuaye miamba na mikondo, aingizaye chombo bandarini. Ndege zilipokuja, neno hili lilipanda juu pamoja nazo bila ya kamati yoyote kulipandisha. (Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo, neno lake la rubani wa ndege lilianzia kwenye usukani wa merikebu.) Vivyo hivyo chombo, ambacho kwa watu wa Pwani ni jahazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, kimekuwa chombo cha anga. Mwanamaji amezaa mwanahewa, na mwanahewa akazaa mwanaanga. Nahodha, abiria, shehena, usukani na dira vyote vinaingia katika roketi bila ya kubadilishwa hata herufi moja. Kitenzi kutua kina historia ndefu zaidi: hutua mzigo mchukuzi, hutua tanga baharia, hutua ndege mtini, ikatua eropleni, na tarehe 20 Julai 1969 wakatua watu mwezini.

Si kila neno la bahari linafaa, bila shaka. Angani hakuna upepo, kwa hiyo kubisha na kwenda joshi hakuna maana huko, wala kaskazi na kusi. Kung'oa nanga kumekwisha chakazwa na waandishi wa habari za michezo, hata mashindano ya kandanda nayo yang'oa nanga. Lakini kuelea kunafaa kabisa kwa mtu asiyehisi uzito wa mwili wake.

Penye utajiri zaidi, na penye mkanganyo pia, ni katika majina ya sayari. Safari ya kwanza ya Dan Dare ilikuwa ya Zuhura, kutafuta chakula kwa ajili ya dunia iliyokabiliwa na njaa, na huko alikutana na Mekon, mtawala mwenye kichwa kikubwa mno na kiwiliwili cha kitoto. Hapo mfasiri hana taabu, kwani Zuhura ni Zuhura, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Taabu huanza katika hadithi ya tatu, ya miaka ya 1952 na 1953, ambapo shujaa anakwama katika sayari iliyo karibu zaidi na jua. Elimu ya falaki ya Pwani huiita Utaridi, kama Waarabu. Baadhi ya vitabu vya shule vya Tanzania, hata hivyo, viliiita Zebaki. Chanzo cha jina hilo si kigumu kukiona. Zebaki ni ile metali ya majimaji iliyokuwa ikitiwa katika vipimajoto. Kiingereza kina neno moja tu kwa metali hiyo na kwa sayari hiyo, na mtunga istilahi akakifuata Kiingereza bila ya kutazama angani. Utaridi, jina lililobaki bila ya mwenyewe, likapewa Pluto, ambayo haikugunduliwa hadi 1930 na ambayo hakuna mnajimu wa kale aliyepata kuiona. Mwaka 2006 Pluto yenyewe ikaondolewa katika hesabu ya sayari, na jina hilo la kale likawa limepoteza makao mara ya pili.

Hadithi ya 1953 na 1954 inampeleka shujaa kwenye sayari yenye pete. Hiyo ni Zohali. Lakini katika orodha ile ile ya vitabu vya shule imeitwa Sarateni, Zohali ikasukumwa hadi Uranus, na Neptune ikapewa jina la Kausi. Sarateni na Kausi si sayari. Ni buruji, yaani Kaa na Upinde. Wazee waliohesabu miongo tangu Nairuzi ili wajue wakati wa kusafiri wasingeweza kukosea namna hiyo, maana kosa la nyota lilikuwa kosa la njia. Katuni ikifasiriwa kwa orodha hiyo, rubani ataagizwa aende kutua katika buruji, na msomaji wa Bondeni ambaye babu yake alijua falaki atacheka mahali pasipo pa kuchekesha.

Wageni, kwa upande wao, hawakuona haya kukichukua Kiswahili. Katika mchezo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza 1966 na kuingia katika vitabu vya picha mwaka uliofuata, afisa wa mawasiliano ni mwanamke aitwaye Uhura. Jina limetokana na uhuru, likageuzwa irabu ya mwisho ili lisikike kuwa la kike, kana kwamba ngeli za Kiswahili hutenganisha mume na mke kwa irabu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kilomita 120 hivi kaskazini ya Mombasa. Iliitwa Uhuru, kwa irabu yake kamili.

Mwandishi aliyethubutu kumrusha shujaa wa Kiswahili ni Katama Mkangi, naye ni mtu wa Pwani. Katika riwaya yake ya Walenisi (1995), Dzombo aliyehukumiwa anaondoka duniani ndani ya chombo na kufika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, ni "wale ni sisi". Wahakiki wameshughulika zaidi na siasa ya riwaya hiyo, na si ajabu, kwa kuwa mwandishi alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Safari yenyewe wameipita haraka. Hata hivyo Walenisi ni kazi ya maneno matupu, na uhuru wa riwaya si uhuru wa katuni. Riwaya huweza kueleza chombo kwa ukurasa mzima. Katuni ina kiputo kidogo juu ya kichwa cha msemaji, na kila silabi hula nafasi ya picha.

Hapo ndipo istilahi ndefu za kamusi hushindwa. "Mwendeshaji wa chombo cha anga za juu" hujaza kiputo kabla hajatamka neno. "Rubani" haliifuniki hata nyota moja. Na chombo kinapokaribia Zuhura, mawingu yake yakijaa dirishani, nahodha akimwambia rubani "Tua", amemaliza maneno yake kwa herufi tatu, na ukurasa uliobaki ni wa mchoraji.