Kwa nini fomu ya mtandaoni inaikataa Ng'ombeni?

Mkazi wa Ng'ombeni, wilaya ya Mkoani, Pemba, anaweza kuandika jina la kwao sawasawa kabisa kwenye fomu ya simu na bado akaambiwa: "Andika herufi tu." Kosa si lake. Lipo kwenye kanuni ya kuchuja maandishi aliyoiweka mtengeneza programu, ile wanayoiita rejeksi.

Kwenye rejeksi, mabano ya mraba hutaja herufi zinazokubalika. [A-Za-z] maana yake A mpaka Z, kubwa na ndogo. Ile alama ya juu ya ng', yaani ritifaa, haimo. Basi, jina linakataliwa.

Wapo wanaofupisha na kuandika [A-z]. Hapo ndipo vituko vinapoanza, kwa sababu kompyuta haifuati alfabeti ya shuleni, inafuata namba. Z ni namba 90, a ndogo ni 97. Katikati, 91 hadi 96, zimekaa alama sita, ikiwemo mstari wa chini (_) na kialama kilichoinama (`). Ritifaa yenyewe ni 39, mbali huko. Kwa hiyo Ng`ombeni iliyokosewa inapita, na Ng'ombeni iliyo sahihi inabaki nje!

Fundi anaamua kurekebisha. Anaongeza nafasi, kistari na ritifaa ili hata Chake-Chake iingie: [A-Za-z -']. Anadhani amemaliza. Kumbe kistari kikikaa katikati kinasomwa "mpaka": kuanzia nafasi, namba 32, hadi ritifaa, 39. Ng'ombeni sasa inapita, lakini $ na % nazo zinapita, huku Chake-Chake ikigonga mwamba, maana kistari ni 45.

Dawa ni kukiweka kistari mwisho kabisa: [A-Za-z '’-]. Hizo ritifaa mbili zimewekwa makusudi. Baadhi ya simu hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mtu, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti.

Mtu akichoka, huandika Ngombeni na kuendelea na mambo yake. Ila ng' ya ng'ombe imeshakuwa ng ya ngoma, na siku kompyuta ikilinganisha fomu hiyo na kitambulisho kilichoandikwa Ng'ombeni, itaona vijiji viwili.