Je, jua la shambani linaharibu maziwa ya mama?

Msimu wa kupandikiza mpunga ukifika hapa Rujewa, swali hili hurudi kliniki tena na tena. Mama ametoka alfajiri kwenda kwenye majaruba, amemwacha mtoto wa miezi 2 au 3 kwa bibi yake. Anarudi saa 9 alasiri matiti yamejaa hadi yanauma. Kabla ya kumnyonyesha mtoto anakamua kwanza na kumwaga chini, maana ameambiwa maziwa hayo yamepigwa na jua, yamechacha, yatamharisha mtoto. Wengine huacha kabisa kunyonyesha mchana, mtoto anaanzishiwa uji.

Wazo hilo lina mantiki yake. Maziwa ya ng'ombe ukiyaacha mahali pa joto kutwa nzima yataganda. Ila titi si chombo cha kuwekea maziwa.

Ukiinama kwenye jaruba saa 6 mchana, ngozi ya mgongo inaungua, lakini ndani mwili unabaki kwenye nyuzi joto 37 hivi. Jasho likikauka linaondoka na joto, ndiyo maana tunatoka jasho. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6, ndani ni 37 ile ile. Kwa hiyo maziwa yaliyomo kwenye titi yana joto hilo hilo saa zote, uwe juani au kitandani. Na hayachachi, kama damu yako isivyochacha ukikaa juani.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza: "Sasa nesi, mbona yanatoka majimaji?" Aliona sawa kabisa. Titi likikaa saa nyingi bila kunyonywa, maziwa yanayotangulia huwa mepesi, pengine na rangi ya kibuluu kidogo, kwa sababu mafuta hubaki nyuma. Mtoto akiendelea kunyonya, mazito yenye mafuta yanafuata. Yale mepesi ni kinywaji chake. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, ndiyo maana mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kupewa maji mengine hata kwenye joto letu la bonde la Usangu.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni hili: titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa maziwa. Likijaa sana, lenyewe linapunguza kasi. Likinyonywa au kukamuliwa vizuri, linaongeza. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo wako hupata taarifa na kuachia homoni mbili, moja ya kutengeneza maziwa na nyingine ya kuyasukuma yatoke. Hiyo ya pili ni nyepesi kuamka, hata sauti ya mtoto akilia inaweza kufanya maziwa yachuruzike. Ile ya kutengeneza huwa juu zaidi usiku, kwa hiyo mama ashindaye shambani asiache kunyonyesha usiku.

Sasa angalia uji unafanya nini. Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi vizuri. Titi linabaki limejaa, linapunguza kazi. Baada ya siku kadhaa mama anasema maziwa yamekauka, uji unaongezwa. Tumbo la mtoto mdogo bado halijakomaa kusaga wanga, na kikombe au maji yasiyo safi vinamletea vijidudu. Akiharisha, lawama inarudi kwenye maziwa ya jua! Kwa maoni yangu kumwaga yale matone ya kwanza ni hasara tu. Hatari iko kwenye uji.

Ukienda shambani, jaribu hivi. Nyonyesha kabla ya kutoka. Nawa mikono kwa sabuni, kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko, acha mahali pa ubaridi na kivuli, bibi amnyweshe kwa kikombe ndani ya saa 4. Yakibaki asirudishe kwa ajili ya baadaye. Matiti yakijaa ukiwa shambani, kamua kidogo yasikusumbue. Ukirudi, osha mikono na kifua na ubadilishe nguo, hasa kama mpunga umepigwa dawa, kisha mpe titi moja kwa moja bila kumwaga chochote.

(Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Kibarua wa jaruba huwa hana wa kumwomba, najua.)

Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kwenye kadi yake anapata maziwa ya kutosha. Njoo kituoni haraka akiharisha, akigoma kunyonya au akikojoa mara chache. Njoo pia kama titi lako ni jekundu, lina uvimbe wa moto na una homa, na uendelee kumnyonyesha wakati unakuja. Mama anayeishi na VVU na anayetumia ARV kila siku naye hunyonyesha, akifuata maelekezo ya kliniki yake.

Na siku ya kliniki, kama inawezekana, njoo na bibi. Yeye ndiye anayebaki na kikombe.