Ngozi ya Kupandikiza: Hutwaliwa Wapi, na Hutayarishwaje

Katika wodi za majeraha ya moto za jiji la Dar es Salaam, swali ambalo jamaa wa mgonjwa hutanguliza, kabla ya kuuliza gharama na kabla ya kuuliza siku za kulazwa, ni hili: hiyo ngozi mtakayompandikiza mtaitoa wapi? Ni swali la haki, nalo linastahili jawabu kamili kuliko lile la haraka linalotolewa mlangoni na tabibu anayekimbilia chumba cha upasuaji. Maana mzazi hawezi kutia saini kwa moyo mkunjufu karatasi ya kuridhia jambo asiloelezwa, na hofu ikimshinda akamwondoa mtoto hospitali kabla ya wakati, hasara inayofuata hukaa mwilini mwa mtoto huyo maisha yake yote.

Wengi wa wanaoletwa hospitali za Temeke na Mwananyamala kwa kuungua, na ambao hali ikizidi hupelekwa Muhimbili, ni watoto wasiotimiza hata miaka mitano. Katika nyumba za kupanga za Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, ambamo familia nzima aghalabu hukaa chumba kimoja na kupikia kwenye ukumbi au uani pamoja na wapangaji wengine, jiko la mkaa huwekwa chini, na sufuria ya uji, ya maharage au ya maji ya kuoga hukaa kimo kile kile cha mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Kwa watu wazima huwa ni karai la mafuta ya kukaangia, au jiko la mafuta ya taa, au mtungi wa gesi unaovuja. Na wapo wenye kifafa, ambao huangukia moto bila kujijua. Mara nyingine huwa ni msiba wa taifa zima, kama ule wa tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, watu zaidi ya 100 wakafariki, na majeruhi wengi wakaletwa Muhimbili wakiwa wamepoteza ngozi ya sehemu kubwa ya miili yao.

Jawabu la swali, basi, ni kwamba ngozi hutwaliwa kwa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi pajani. Mama husikia hayo akalia, akasema: msimuumize zaidi, chukueni yangu. Hakuna neno la huruma lipitalo hilo, walakini mwili wa mtoto hautalikubali. Ngozi ya mama, au ya baba, au ya ndugu wa tumbo moja, itashika kwa siku kadhaa na kuonekana kama imepona; kisha askari wa mwili wa mtoto wataitambua kuwa ni ngeni, wataishambulia, nayo itageuka rangi, itakauka na kubanduka. Pacha wa kufanana tu ndio wanaoweza kupeana ngozi ikadumu.

Jambo hili lilithibitishwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1943 Peter Medawar, mwanachuoni wa elimu ya viumbe, na Thomas Gibson, tabibu mpasuaji wa Glasgow, walieleza habari za mwanamke kijana mwenye kifafa aliyeungua kwa moto wa gesi, waliyempandikiza vipande vidogo vya ngozi yake mwenyewe na vingine vya kaka yake. Vya kwake vilishika na kudumu. Vya kaka yake vilishika kwa muda, vikafa. Na walipompandikiza tena vya kaka yake kwa mara ya pili, vikafa upesi kuliko vya kwanza. Kutokana na wepesi ule wa mara ya pili Medawar alitanabahi kwamba mwili hujifunza na kukumbuka, na uchunguzi uliofuata ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Msingi wa elimu yote ya kupandikiza figo na viungo vingine umesimama juu ya dhiki ya mgonjwa aliyeungua.

Sasa tuje kwenye matayarisho yenyewe, ambayo ndiyo fani yangu na ndiyo sababu ya kuandika. Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili: la juu, jembamba, ambalo hukua na kupukutika daima, na la chini, nene na imara, lenye mishipa ya damu na mashina ya nywele. Apasuaye hatwai yote mawili kwa ukamilifu wake. Hutwaa la juu pamoja na sehemu tu ya lile la chini, unene wake ukiwa baina ya milimita 0.2 na 0.4, na kuacha mashina ya nywele mahali pake. Na kutoka katika mashina hayo ngozi mpya huchipua ikafunika paja kwa muda wa takriban majuma mawili. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunaziba shimo moja kwa kuchimba jingine. Paja litauma, na siri moja ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema ni kwamba huuma kuliko jeraha lenyewe. Lakini litapona, na haja ikizidi laweza kutwaliwa tena.

Paja huoshwa, hupakwa mafuta kidogo ili kisu kiteleze, na msaidizi huvuta ngozi ikanyooka sawasawa. Kisu ni kirefu, kina kigingi cha kupimia unene, na huendeshwa kwa mkono kama msumeno ulegezwao. Au huwa ni mashine ya umeme ifanyayo kazi hiyo hiyo kwa usawa zaidi. Utepe wa ngozi hutoka mwembamba kiasi cha kupitisha nuru. Tangu dakika hiyo umekatiwa damu, nao hauna chakula. Na hapa ndipo kazi yetu inapodai nadhari. Hutandazwa juu ya shashi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi, wala hauachwi ukauke chini ya taa, wala hautiwi dawa kali ya kuua vijidudu, kwa sababu dawa iuayo vijidudu huua na chembe hai za ngozi. Hutazamwa upande wake: upande wa chini hung'aa na kuwa na weupe wa lulu, ule wa juu umefifia. Mikunjo yake huelekea daima upande unaong'aa, na upande huo ndio ulalao juu ya jeraha. Akikosea mtayarishaji akaulaza kinyume, ngozi yote hufa, na mgonjwa amekatwa paja bure.

Ikiwa jeraha ni kubwa kuliko ngozi iliyopatikana, utepe hupitishwa katika mashine ndogo yenye meno, itoboayo mistari mifupi iliyopishana, kisha ukivutwa hufunguka mfano wa jarife la mvuvi, ukafunika eneo mara moja na nusu, au hata mara tatu ya upana wake. Njia hii ilitangazwa na James Tanner na wenzake huko Marekani mwaka 1964, na kwa mgonjwa aliyeungua mwili mzima ndiyo inayotenganisha uhai na mauti. Matundu yale yana faida nyingine: damu na maji hupenya na kutoka, badala ya kukusanyika chini ya ngozi na kuinyanyua. Dosari yake ni kwamba alama za nyavu haziishi kabisa, na ndiyo maana usoni na juu ya viganja hupendelewa utepe mzima usiotobolewa. Ngozi iliyobaki hufungwa katika shashi ile ile yenye maji ya chumvi, ikaandikwa jina la mwenyewe na tarehe, ikawekwa katika jokofu kwenye nyuzi 4 za joto, na kwa muda wa hadi majuma mawili huweza kutumika kuziba palipokosa kushika.

Hata hivyo, utayarishaji wa ngozi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kulitayarisha jeraha liipokee. Siku mbili za mwanzo ngozi mpya huishi kwa kunywa umajimaji utokao katika jeraha. Kisha vinywa vya mishipa midogo ya jeraha hukutana na vinywa vya mishipa ya ngozi. Na kufikia siku ya tano au ya sita damu hupita kwa uhakika, rangi ikawa ya waridi. Katika muda huo kuna vitu vinavyoiua. Usaha ni wa kwanza: kuna jamii ya vijidudu iitwayo streptokoka ambayo huyeyusha ngozi yote kwa usiku mmoja, na haipandikizwi ngozi mahali walipo. Damu iliyoganda chini yake ni ya pili. Mtikisiko ni wa tatu, na ndiyo maana kiungo hufungwa kwa plasta ngumu, na tunamsihi mama asimfungue mtoto bandeji ili atazame. Na njaa tusiisahau, kwa maana aliyeungua huunguza chakula mwilini kwa kasi kubwa, na mwili usio na damu wala protini za kutosha hauoti kitu. Mayai, maziwa, samaki na maharage yanayoletwa na jamaa saa ya kutazama wagonjwa ni sehemu ya matibabu sawasawa na sindano.

Na mara nyingi jeraha hilo la kutayarishwa huletwa kwetu likiwa limepakwa dawa ya mswaki, ute wa yai, unga wa ngano, au limefunikwa manyoya ya sungura. Nayajua mapenzi yaliyo nyuma ya vitu hivyo, na najua kwamba jirani aliyevileta alitoka mbio usiku kwa ihsani. Lakini manyoya hugandamana na jeraha, hufuga vijidudu, na huficha kina cha kuungua, hata siku za kwanza, zilizo na thamani kuliko zote, zikaishia katika kuyabandua.

Kuna habari moja iliyoenea simuni ambayo imewachanganya watu, nayo ni ya ngozi ya samaki. Habari yenyewe ni kweli. Katika mji wa Fortaleza, Brazil, matabibu wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki tumwitaye sato, ambaye asili yake ni bara letu la Afrika. Ngozi yake ina wingi wa ile protini iitwayo kolajeni, hukaa na unyevu, na hushikamana na jeraha hata mgonjwa akapunguziwa mateso ya kubadilishiwa bandeji kila mara. Ila tazama inavyotayarishwa: hukwanguliwa magamba na nyama, husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, huloweshwa katika gliserini inayozidishwa nguvu kwa hatua, hufungwa katika mfuko usiopitisha kitu, hupigwa mionzi ya gama, na hupimwa maabara kuhakikisha hakuna kijidudu kilichosalia. Wala haigeuki kuwa ngozi ya mgonjwa. Ni kifuniko cha muda, ambacho chini yake ungo ulioungua juujuu hupona wenyewe. Sato wa sokoni, hata awe mbichi namna gani, ana vijidudu vya maji na vya mikono yote iliyomshika, na kumbandika mtoto ngozi yake nyumbani ni kumtia sumu.

Mifupa nayo ina sheria zilizo jirani na hizi. Kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi, mfupa ukapotea au ukakataa kuunga, huweza kupandikiziwa vipande vya mfupa wa nyonga yake mwenyewe, na kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Hapo pia vipande huwekwa katika shashi yenye unyevu na kurudishwa mwilini upesi, na huko pia usaha ndio adui wa kwanza.

Yafaa niseme juu ya kuchelewa. Ungo ulioungua kwa kina, ambao haukupona katika majuma matatu, ukiachwa ujifunge wenyewe hujifunga kwa kovu, na kovu hunywea: kidevu kikashikana na kifua, kwapa likafungwa, vidole vikakunjika ndani ya kiganja. Katika miaka ya 1950 watu wenye vilema vya namna hii walikuwa miongoni mwa wale waliowashughulisha Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, matabibu wa kurekebisha maumbile, hata wakaanzisha mwaka 1957 utumishi wa madaktari wa ndege ambao leo ni shirika la Amref Health Africa. Kukunjua kiungo kilichokazana ni operesheni ndefu, nayo huhitaji ngozi nene zaidi, na mara nyingi hurudiwa kadiri mtoto anavyokua. Ilhali ngozi nyembamba iliyopandikizwa kwa wakati ingalizuia mengi ya hayo.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Temeke, wa Kinondoni na wa kila mahali makala hii itakapofika: mtoto akiungua, mwagieni maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida wala si ya barafu, kwa dakika 20, hata ikiwa saa moja au mbili zimekwisha kupita, mvueni nguo na bangili mahali palipoungua, isipokuwa nguo iliyogandamana na ungo, mfunikeni kanga iliyofuliwa, msimpake kitu chochote, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na tabibu akiwaambia kwamba jeraha linahitaji ngozi, mwulizeni kila mnalotaka kujua, kisha msikawie kuridhia.