Kitenzi "Funga" Katika Kazi ya Umeme: Mfano wa Themostati ya Dijitali

Ni vichache vitenzi vya Kiswahili vitumikavyo na fundi umeme kwa kazi nyingi kama kitenzi funga. Fundi hufunga mita ukutani, hufunga waya kwa skrubu, na amalizapo kazi hufunga mlango wa paneli. Maana hizi tatu, yaani kusimika, kukaza na kuzuia njia, hazimpi taabu mwenye lugha, kwa kuwa yule atendwaye huonyesha ni ipi iliyokusudiwa. Taabu huanza pale mfasiri afuatapo istilahi ya kigeni neno kwa neno na kuandika "saketi iliyofungwa", akikusudia njia ya umeme iliyo kamili, ambayo umeme wapita ndani yake.

Kwa desturi ya lugha, afungaye bomba huzuia maji, na afunguliaye redio ataka isikike. Kufunga ni kuzuia. Kufungulia ni kupitisha. Katika istilahi ile ya kutafsiriwa mambo yamegeuzwa: saketi "iliyofungwa" ndiyo ipitishayo umeme, na "iliyo wazi" ndiyo isiyopitisha. Jambo hili si la ladha tu. Mwanafunzi aambiwaye kwamba saketi imefungwa aweza kuamini kuwa umeme umezuiwa, akatia mkono.

Uzito wa jambo hili huonekana vema katika kazi moja ya kawaida, nayo ni kufunga themostati ya dijitali katika paneli ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenye feni hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 37.5 za Sentigredi. Themostati ina sehemu tatu zilizo muhimu: kihisi, kilicho mwisho wa waya mwembamba na kuwekwa karibu na mayai, kikokotozi, kilinganishacho joto lililopo na lile lililoamriwa, na rilei, ambayo ni swichi ivutwayo kwa sumaku ya umeme. Kihisi cha aina itumikayo sana huwa na ukinzani wa omu 10,000 penye nyuzi 25, na ukinzani huo hupungua joto likizidi. Ili rilei isiwake na kuzima kila mara, huwekwa pengo: likiwa la nyuzi 0.3, hita huzimwa ifikapo 37.5 na huwashwa tena joto lishukapo hadi 37.2.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata umeme kwenye saketi breka, kisha kupima kwa kipimo kilichokwisha kujaribiwa mahali penye umeme, ili ijulikane kwamba ukimya wake ni wa waya wala si wa ubovu wa kipimo. Themostati nyingi za paneli huhitaji tundu la milimita 71 kwa 29. Waya mbili huleta umeme wa volti 230 kwenye themostati yenyewe. Waya za kihisi huenda kwenye skrubu zake, nazo hutengwa na waya za umeme mkubwa. Mlango wa chuma na gamba la mashine huungwa na waya wa ardhi. Kisha waya utokao kwenye breka huingia katika skrubu yenye herufi COM, na waya uendao kwenye hita hutoka katika moja ya skrubu mbili zilizobaki, NO au NC.

Hapo ndipo lugha hupimwa. Herufi hizo hufasiriwa mara nyingi "wazi kwa kawaida" na "uliofungwa kwa kawaida". Tafsiri hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni lile la kufunga na kufungua lililokwisha kutajwa. La pili ni neno kawaida: msomaji hudhani ni hali ya mashine iwapo kazini, kumbe ni hali ya rilei isiyotiwa umeme. Katika mashine ya vifaranga, rilei hutiwa umeme panapohitajika joto. Kwa hiyo hita huungwa na NO, ili themostati ikizimika, hita nayo izime. Fundi akiiunga na NC, hita itazima wakati wa baridi na kuwaka wakati joto limekwisha kutosha, nalo litazidi kupanda hadi viinitete vife ndani ya mayai.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuliepusha kosa hili. Kila mtu husema umeme umekatika, wala hapana aulizaye maana yake. Kinyume chake ni kuunga. Basi saketi ipitishayo umeme yaweza kuitwa saketi iliyoungana, na isiyopitisha saketi iliyokatika. Kwa miguso ya rilei, ambayo ni vipande viwili vya chuma vikutanavyo na kutengana, mnyambuliko wa -ana wafaa zaidi: NO ni mguso ulioachana rilei ipumzikapo, na NC ni mguso ulioshikana rilei ipumzikapo. Istilahi hizi ni ndefu kidogo kuliko zile za awali, lakini hazimdanganyi mtu.

Kitenzi funga chaweza kubaki na kazi zake tatu za asili. Fundi ataendelea kufunga themostati kwa maana ya kuisimika, na hapana haja ya kumnyang'anya neno lake.

Msemo mwingine wa mafundi ustahilio uangalifu ni "waya wa moto". Kwa fundi ni waya uletao volti. Kwa mwanafunzi aliye mbele ya mashine ya joto, waweza kudhaniwa ni waya wowote uendao kwenye hita. Tofauti hii ni ya uhai. Rilei lazima ikate waya wa moto, si nyutro. Ikikata nyutro, hita hupoa lakini hubaki na volti, na aigusaye hupigwa. Rangi nazo hazitoshi kuwa mwongozo: kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza waya mweusi ulikuwa nyutro, hali kwa utaratibu ulioanza kutumika huko mwaka 2004 mweusi ni mmojawapo wa waya za moto za umeme wa fezi tatu. Afadhali maandishi yaseme "waya wa volti", na fundi apime.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi umekuwa kazi yenye chombo chake rasmi nchini Tanzania. Mfano huu waonyesha kwamba istilahi haina budi kupimwa kwa njia mbili: je, yalingana na dhana, na je, yapatana na yale ambayo msomaji ameyazoea tangu utotoni? Istilahi ishindwayo na swali la pili yaweza kuwa sahihi katika kamusi, na bado ikamuua mtu mbele ya paneli.