Injini Inayokosa Moto kwa Vipindi: Uchunguzi wa Trekta ya Kukatia Nyasi

Trekta ndogo ya kukatia nyasi, ambayo mwendeshaji wake huketi juu huku visu vikizunguka ndani ya kasha la chuma lililo chini yake, ni chombo kilichoenea kwanza katika nyua pana za Marekani, na ambacho sasa huonekana pia katika viwanja vya gofu, hoteli za pwani na shule zenye viwanja vikubwa. Miongoni mwa kasoro zinazoweza kuipata injini yake, ni chache zinazomsumbua fundi kama kukosa moto kwa vipindi, yaani hali ambayo injini hukatakata kwa muda mfupi, ikatulia, ikafanya kazi vizuri kwa robo saa, kisha ikarudia yale yale. Mafundi husema injini inamisi. Kwa kuwa kasoro hiyo mara nyingi haionekani mashine inapofikishwa karakana, mwenye mashine hushauriwa kubadilisha plagi, kisha koili, kisha kabureta, mpaka gharama ya vipuri ikaribie thamani ya injini yenyewe. Kubahatisha huko hakuna sababu, kwa maana kasoro ya namna hii huacha ushahidi katika jambo ambalo halihitaji kifaa chochote kulijua, nalo ni wakati na hali inapotokea.

Injini nyingi za trekta hizi ni za mipigo minne: pistoni huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, huubana, husukumwa na mlipuko wake, kisha hutoa moshi. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, ambayo ni karibu na kasi yake ya kazi, kila silinda huwaka mara 30 kwa sekunde; kwa hiyo waya unaogusa bodi kimakosa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde huinyima silinda milipuko mitatu, na mwendeshaji husikia mshtuko huo waziwazi, ingawa fundi atakayeukagua waya huo baadaye ataukuta mzima.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha upungufu wa umeme na upungufu wa mafuta, na sikio lililotulia laweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Umeme unapokatika, injini hukata ghafla na kurudi ghafla, mara nyingi ikifuatiwa na mlio mkali katika eksozi, kwa sababu petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda huwakia kwenye bomba la moshi. Mafuta yanapopungua, nguvu hushuka polepole, injini hupanda na kushuka kama inayohema, na choki ikifungwa kidogo hali hupata nafuu, kwa kuwa choki hupunguza hewa na kuufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi zaidi.

Upande wa umeme ndio unaostahili subira kubwa zaidi, kwa sababu ndiko kasoro za kuja na kuondoka hujificha. Mfumo wa injini hizi umetokana na magneto ya volti kubwa iliyobuniwa na Gottlob Honold katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart mwaka 1902: sumaku zilizo kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka na injini, hupita karibu na koili na kuzalisha umeme wa cheche bila msaada wa betri. Ndiyo maana betri mpya haiponyi plagi isiyotoa cheche. Injini huzimwa kwa waya mwembamba unaotoka kwenye koili na kuunganishwa na bodi ya mashine, na muungano huo unapofanyika koili hunyamaza. Waya huo huo hupita kwenye swichi za usalama, mojawapo ikiwa chini ya kiti, iliyowekwa ili injini izimike mwendeshaji akianguka visu vikiwa vinazunguka. Springi ya kiti ikichoka, au swichi ikiingiwa na kutu, kila tuta linalomrusha mwendeshaji huifanya mashine idhani kwamba kiti kimeachwa wazi.

Basi, mashine inayomisi kwenye mabonde na matuta lakini si kwenye uwanja ulio sawa inapaswa kuanza kuchunguzwa kwenye kiti. Injini ikiwa imezimwa, waya wa kuzimia huchomolewa kwenye koili na kuunganishwa na mita ya umeme, ufunguo huwekwa katika nafasi ya kazi, swichi ya visu huwashwa, na mtu huketi na kuyumbayumba; sindano ya mita ikicheza kuonyesha kwamba waya umefika kwenye bodi, kasoro imenaswa. Wapo wanaoona njia fupi ni kuikata swichi hiyo moja kwa moja, jambo ambalo halifai kufanywa hata kidogo, kwani visu vile haviwezi kumtambua mtoto wala mwendeshaji aliyeteleza.

Kasoro inayotokea baada ya injini kupata moto, na kutoweka baada ya kupoa, humwelekeza fundi kwenye koili yenyewe. Nyuzi nyembamba za shaba ndani yake hutanuka kwa joto, na palipo na ufa mdogo hutengana, kisha hukutana tena zikipoa; hivyo koili ipimwe ingali ya moto. Vilevile, plagi inayotoa cheche nje ya injini haijathibitisha lolote, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda huhitaji volti kubwa zaidi ili cheche iruke. Kipimo cha kutegemewa ni kitaa cha majaribio kinachowekwa kati ya waya na plagi, ili cheche ionekane injini ikifanya kazi. Kwa injini ya silinda mbili, kipimajoto cha kuelekezea kwenye eksozi huonyesha upande uliopoa, na hapo zikaguliwe pia dayodi, yaani vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ambavyo huwekwa kwenye waya wa kuzimia ili koili moja isiivuruge nyingine.

Kwa upande wa mafuta, kifuniko cha tangi husahaulika mno. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, na likizibwa na vumbi na majani, petroli hushindwa kushuka baada ya dakika kadhaa za kazi. Kukilegeza injini inapoanza kukata hutoa jibu papo hapo. Kabureta nyingi zina pia vali ya umeme inayofunga njia ya petroli injini inapozimwa, na hapa ndipo betri na nyaya zake huingia, kwani kiunganishi cha waya kilicholegea huifunga vali hiyo katikati ya kazi. Afrika Mashariki inaongeza mambo yake: mashine hukaa kiangazi kizima ikiwa na petroli inayochacha tangini, na uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha. Sampuli iliyotolewa chini ya kabureta na kuachwa itulie ndani ya chupa safi itaonyesha maji, lakini mafuta ya taa hayaonekani kwa macho, hivyo tangi limwagwe na kujazwa petroli ya kuaminika kabla ya kipuri chochote kununuliwa.

Vali za injini zilizobana hubaki kuwa shaka ya mwisho, hasa injini inapomisi ikiwa moto ilhali cheche na mafuta vyote ni sawa. Baada ya matengenezo, waya wa kuzimia hurudishwa, kila swichi ya usalama hujaribiwa, na mashine hupelekwa kwenye nyasi ndefu na matuta yale yale yaliyoiangusha, kwa muda usiopungua ule ambao kasoro ilikuwa ikichukua kabla ya kujitokeza.