Muheto: Anayetoka gerezani anaweza kupewa usukani wa lori?

MASISI – Kijana wa Muheto anayerudi nyumbani kutoka gerezani hukuta njia tatu zinamsubiri: jembe, shimo la madini, au bunduki. Jembe linataka shamba, na mashamba mengi ya Masisi yana ugomvi, ama wenyewe walikimbia vita. Mashimo ya madini, kama yale ya Rubaya, hubomoka mvua ikizidi. Bunduki peke yake ndiyo haimuulizi mtu karatasi wala pesa ya kuanzia.

Lakini iko njia ya nne: lori. Katika Masisi na Walikale, maharagi, viazi, makabichi, jibini na ng'ombe vinateremka kwenda soko kwa magurudumu. Chumvi, sabuni na mafuta vinapanda kwa njia hiyohiyo. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, uzito wote huo umezidi kubaki barabarani. Kazi ya dereva ni moja kati ya kazi chache zinazoweza kulisha familia bila kumiliki shamba.

Kufundisha waliotoka gerezani kuendesha malori makubwa si wazo geni. Uingereza ilipokosa madereva mwaka 2021, Waziri wa Sheria wa wakati ule, Dominic Raab, alisema wafungwa wangeweza kusaidia kujaza pengo. Kule, mfungwa anayekaribia kumaliza kifungo anaweza kuruhusiwa kutoka mchana kwenda kazini na kurudi jioni. Marekani nako, tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba leseni ya lori kubwa kwa mara ya kwanza lazima apite katika shule iliyoandikishwa. Sheria ya taifa haimfungii mlango kila aliyefungwa. Lakini aliyetumia lori lenyewe kusafirisha dawa za kulevya au kuuza binadamu hunyang'anywa leseni hiyo maisha yote. Kwa hiyo swali linaloulizwa ni kosa lipi alilofanya mtu huyo, na kama lina uhusiano na usukani.

Kwa Muheto, tatizo linaanza kabla ya usukani. Linaanza kwenye karatasi.

Gereza la Munzenze mjini Goma lilijengwa kwa ajili ya watu 350 hivi. Tarehe 27 Januari 2025, siku waasi wa M23 walipoingia mjini, lilikuwa na wafungwa karibu 4000. Wengi walitoroka. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, wafungwa wanawake zaidi ya 100 walibakwa, na wengi wao wakafa katika moto uliowaka gerezani. Haikuwa mara ya kwanza kwa jimbo hili: tarehe 20 Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1300 walitoroka gereza la Kangbayi, Beni, baada ya shambulio.

Mtu aliyetoka kwa namna hiyo hana karatasi ya kuachiliwa. Pengine hakuwahi hata kuhukumiwa, maana magereza ya Kongo yamejaa watu wanaongoja kesi. Mbele ya sheria yeye ni mtoro, hata kama angesimama mbele ya hakimu angeachiliwa. Mwenye lori akimwomba hati ya mahakama inayoonyesha kama ana hukumu, hawezi kwenda kuitafuta bila kuogopa kukamatwa. Na kwa sababu eneo sasa limegawanyika kati ya tawala mbili, karatasi iliyotolewa upande mmoja inaweza kukataliwa kwenye kizuizi cha upande wa pili.

Aliyemaliza kifungo chake kisheria, au aliyeachiliwa kwa masharti, yuko mahali pazuri zaidi. Sheria ya jinai ya Kongo inaruhusu mfungwa kuachiliwa kwa masharti akishatimiza robo ya adhabu, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Huyo anatoka na karatasi mkononi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela na zilizopitishwa mwaka 2015, zinakwenda mbali zaidi: anayeachiliwa asaidiwe kupata vitambulisho, mahali pa kulala, kazi, nguo na pesa ya kumfikisha kwao. Kanuni hizo hizo zinataka wafungwa, hasa vijana, wafundishwe ufundi wenye faida wakiwa bado ndani.

Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo msingi wa usafiri nchini, inatenganisha leseni ya gari dogo na ile ya gari kubwa la mizigo. Kwa kawaida mtu hupita kwanza shule ya udereva, kisha mtihani wa Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali Barabarani, CNPR, ndipo aombe leseni. Kwa upande wa ufundi, taasisi ya serikali ya INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye tawi Goma, inafundisha kazi kama umekanika wa magari.

Lakini huku milimani madereva wengi hawakutoka shuleni. Walianza kama konvuayeri, yule kijana anayepakia mizigo, anayelala juu ya lori, na anayekimbia nyuma kwenye mteremko na gogo mkononi ili azuie gurudumu breki ikishindwa. Baada ya miaka, shofere anamwachia usukani mahali palipo tambarare. Hivyo ndivyo anavyojifunza, pamoja na makosa yote ya mwalimu wake.

Gharama ya makosa hayo inajulikana. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika wilaya ya Uvira, likalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Ndiyo maana mafunzo ya kweli kwa barabara za Masisi hayawezi kuishia kwenye kubadili gia. Dereva anapaswa kujua kukagua breki na matairi kabla ya kuondoka, kuteremka mlima kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mpaka iungue, kukataa mzigo uliopita kiasi, na kukataa abiria juu ya mizigo. Aliyetoka gerezani ana sababu ya ziada ya kujifunza hayo: ajali ambayo kwa mwingine ingeitwa bahati mbaya, kwake itaitwa tabia.

Hofu ya mwenye lori nayo ni ya haki. Fuso moja inaweza kuwa mali yote ya familia. Hakuna semina itakayomfanya amkabidhi funguo mtu asiyemjua. Kinachoweza kumlainisha ni ngazi: kwanza ukonvuayeri, halafu karakana, halafu lori tupu, halafu safari fupi ya Sake hadi Goma, na mwisho safari ya Walikale. Kila ngazi inahitaji mdhamini, awe mchungaji, mzee wa kijiji au chama cha wenye malori, anayekubali kusema: huyu mimi namjua.

Ngazi hiyo haihitaji mradi mkubwa. Inahitaji gharama za shule na leseni zilipwe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na mahakama zitoe njia kwa waliotoroka Munzenze bila kuhukumiwa kujitokeza na kesi zao kusikilizwa. Bila hiyo ya pili, maelfu ya watu watabaki na ufundi wasioweza kuutumia mbele ya kizuizi hata kimoja.

Wanaoandikisha vijana kwa ajili ya vita hawangoji. Wao hawataki hati ya mahakama, hawataki mdhamini, na wanatoa chakula siku ileile. Kijana aliyerudi Muheto na kukaa bila kazi msimu mmoja atakuwa ameshapata jibu lake kabla wengine hawajamaliza kujadili kama anastahili kushika usukani.