"Lilikuwa kwenye Grupu"

Mpwa wangu yuko kidato cha pili katika shule moja ya kutwa hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita aliadhibiwa kwa kutofanya zoezi la hesabu. Alipojitetea kwamba zoezi lenyewe hakuliona, alijibiwa kwa ufupi: "Lilikuwa kwenye grupu."

Ni kweli lilikuwapo. Mwalimu alilituma kwenye grupu la WhatsApp la darasa saa 11 jioni, picha ya ukurasa wa kitabu. Lakini simu iliyomo katika grupu hilo ni ya dada yangu, ambaye huuza samaki wa kukaanga. Simu ile ndiyo pochi yake, ndiyo daftari lake la madeni, na wateja humlipa humo humo. Haiachwi nyumbani hata siku moja. Siku ile alirudi saa 4 usiku, bando limekwisha, picha haifunguki, mtoto amelala.

Hata mimi nina lawama. Nimo katika grupu hilo kama mlezi, ila nilikuwa nimelizima sauti muda mrefu kwa kuchoshwa na picha za maua za "asubuhi njema" na matangazo ya vitenge. Zoezi lilinipita kama lilivyompita dada.

Sasa wapo watakaosema magrupu haya yafutwe, turudi kwenye chaki na ubao. La hasha. Tukumbuke mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, na hapa kwetu wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Wenzetu wa Kenya walikaa zaidi. Madarasa mengi yalirudi Januari 2021. Miezi ile walimu ambao hawakupata semina hata moja ya jambo hili walifungua magrupu kwa simu zao na kwa bando la mifukoni mwao, wakatuma mazoezi na kusahihisha. Kwa watoto waliofikiwa, huo ulikuwa uzi pekee uliowafunga na shule. Ila uzi huo ulipita katika simu ya mzazi, na asiyekuwa na simu janja hakuwa na uzi.

Kwetu sisi watu wa redio jambo hili si geni. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 vipindi vilirushwa, na takriban watu milioni 2 walivifuata katika vikundi vya kusikiliza vipatavyo 75,000. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada, mwalimu wetu alipenda kutukumbusha kwamba redio yenyewe haikuchimba choo hata kimoja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Sauti ya redio ilikuwa mwanzo wa mazungumzo.

Grupu la darasa lina uwezo ambao redio ya 1973 haikuwa nao, yaani msikilizaji anaweza kujibu papo hapo. Na uwezo huo ndio tunaoutupa. Tangu 2018 msimamizi anaweza kulifunga grupu ili atume yeye peke yake, na shule nyingi hufanya hivyo kuepuka porojo za wazazi. Matokeo yake ni ubao wa matangazo. Mtoto aliyekwama katika swali la tatu hana pa kuulizia.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Nilikwenda kwa hasira, nakiri, nikarudi nimepoa. Ana wanafunzi zaidi ya 80 katika mkondo mmoja, na bando analinunua mwenyewe. Anajua kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, na kwamba kila anachotuma kinapita kwanza kwa mzazi. Tulizungumza karibu saa nzima. Tulikubaliana zoezi liandikwe ubaoni kabla ya kengele ya mwisho, ili asiyekuwa na simu aondoke nalo. Grupu libaki kwa maelezo. Pale wengi walipokosea, mwalimu arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili, maana sauti hula bando dogo sana ukilinganisha na video. Na grupu lifunguliwe kwa maswali kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, kisha lifungwe watu walale.

Jambo moja nililigusa kwa upole. Orodha ya matokeo ya darasa zima, majina na alama, ilikuwa imepigwa picha na kutumwa humo. Mtoto wa mwisho alisomwa na mitaa mitatu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mwalimu aliifuta orodha nikiwa pale pale.

Jumanne iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu na wenzake wawili wa mtaani, wakaomba simu. Walirekodi swali lao moja kwa niaba ya watatu, wakakaa barazani kungoja. Jibu lilikuja saa 2 na nusu. Wakalisikiliza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mmoja akapaza sauti, "Hapo hapo, rudisha nyuma!" Wakainamia daftari wote watatu. Nami nilikuwa nangojea simu ya muhimu kutoka studio. Nilipoiulizia simu yangu, niliambiwa, "Subiri kidogo, mjomba."